Zeze Ndani ya Kaniki

1

Barua ya mahakama ilinikuta katikati ya ukaguzi. Tangu nilipostaafu ualimu, kila Jumamosi saa moja asubuhi huikagua nyumba yangu kama nilivyolikagua bweni nikiwa kiranja: vitanda, viatu, sufuria, kabati la vitabu. Hakuna wa kukaguliwa isipokuwa mimi mwenyewe na mdogo wangu Leokadia, naye aliacha zamani kusimama kando ya kitanda chake ninapopita. Siku hizi huniacha nipite huku akishona sare za wanafunzi, kazi aliyoifanya miaka kumi na saba bila kukosea tundu la kifungo.

"Kuna mtu getini," alisema bila kuondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Ana bahasha ya kaki. Ina muhuri."

Nilikuwa nimeiona kupitia dirisha lilelile, wakati uleule, na neno lilelile lilikuwa limenijia. Hilo halikutushangaza. Leokadia huona vitu kwa utambuzi wangu. Homa ya kisogo ilipopita nchini miaka ishirini iliyopita, iliwaachia waliopona macho mazima yasiyojua kitu. Nuru iliingia, rangi zilionekana, kingo na vivuli vilikuwa mahali pake. Lakini mtu alikitazama kiatu na kijiko asijue kipi ni cha kuvaa. Wakaitwa watu wa maumbo. Miaka mitatu baadaye Taasisi ya Utambuzi ikaanza kuwapachika chini ya ngozi ya kisogo bamba dogo lenye ukubwa wa ukucha, likaitwa kitambuzi, na ndani ya kila bamba mlikuwa na ramani moja iliyochorwa kutoka katika ubongo wa mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi, Desderi Mhavile. Watu elfu kumi na moja na ushei hukijua kijiko kuwa ni kijiko kwa sababu mimi nilikijua hivyo kabla yao.

Sitakanusha kwamba nilijivunia. Kati ya watu mia na arobaini waliopimwa, hakuna aliyenikaribia kwa wepesi wala kwa uthabiti. Nilikaa kwenye kiti cha Taasisi miezi kumi na minne, nikaonyeshwa vitu elfu arobaini, kila kimoja katika pande zake nyingi, na sikuchelewa kazini hata siku moja.

Niliisoma barua kwa sauti, nimesimama. Mahakama ya Ihumbo ilikuwa ikisikiliza kesi ya mauaji dhidi ya Yoramu Chibago, mlinzi wa ghala la mbegu, mwenye kitambuzi. Saa nne asubuhi, jua likiwa kali, katika umbali wa hatua kumi na sita, alimpiga risasi mpiga zeze aitwaye Ndahani Chilewa, aliyekuwa akikatiza uwanja wa ghala kuelekea arusini. Ndahani alikuwa amelibeba zeze lake begani, limefungwa katika kaniki. Mshtakiwa anadai aliona gobole. Upande wa mashtaka unasema hakuna mwenye macho awezaye kuona bunduki ya kienyeji mahali penye kibuyu na fimbo, na kwamba watu hao wawili walikuwa na ugomvi wa shamba. Mahakama ilikuwa inaomba kujua mwenye ramani angeona nini.

"Wanaomba," alisema Leokadia. Cherehani ilikuwa imenyamaza. "Hawaamuru."

"Hawaamuru."

"Basi kataa, kaka."

Nikaikunja barua kwa mikunjo yake ya mwanzo, nikaendelea na ukaguzi. Nilifika kwenye viatu vyangu nikagundua kuwa nimevitazama muda mrefu bila kuviona.

2

Dakta Zuhura Ngwilizi, mkurugenzi wa Taasisi, alikuja Jumatatu peke yake, bila dereva. Alinisalimu shikamoo, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukizoea. Uso wake ulikuwa umeingia ndani.

"Umepungua," nilimwambia.

"Nimechoka tu, Mzee Mhavile. Wiki mbili hizi nalala kama mlinzi." Akasita, akatambua alichokisema. "Samahani. Maneno yamekuwa na miiba siku hizi."

Akaweka jalada juu ya meza lakini hakulifungua. Alianza kunieleza mambo ambayo tulikuwa tunayajua sote wawili, na nikamwacha, kwa kuwa naelewa mtu anapotafuta ujasiri katika somo analolimudu.

"Nuru ikifika nyuma ya kichwa, ubongo huivunja vipande," alisema. "Mstari huu umelala, huu umesimama, hapa pana ukingo. Kisha vipande vinasafiri kwa njia mbili. Njia ya juu huuliza kitu kiko wapi na mkono ukifikie vipi. Njia ya chini, inayopita karibu na sikio, huuliza ni kitu gani. Homa iliikula hiyo ya chini. Ndiyo maana wagonjwa wetu walikuwa wakikwepa kiti ambacho hawakujua ni kiti."

"Na ramani yangu ikawa daraja."

"Ikawa daraja. Sasa, njia ya chini haina subira. Ikipata mstari mrefu wenye uvimbe upande mmoja, haingoji mengine. Inalikimbilia jina inalolijua zaidi. Halafu sehemu ya mbele ya ubongo inarudisha swali: una hakika? Wewe na mimi huwa hatujui kuwa swali hilo limeulizwa, maana linakwisha kabla jicho halijapepesa. Mtu anadhani aliliona zeze tangu mwanzo. Kumbe aliliona gobole, akasahihishwa."

"Yoramu hakusahihishwa?"

Ndipo alipolifungua jalada. Karatasi ilikuwa moja, imeanza kuwa na rangi ya chai. Niliitambua sahihi yangu kabla ya kusoma neno lolote, nikaona haya kwa wepesi huo.

*Mtoa ramani anaagiza kwamba majibu yote ya pili, yaani masahihisho yanayofuata jibu la kwanza, yaondolewe katika ramani kabla haijaanza kutumika.*

"Mimi ndiye niliyekuuliza," alisema Zuhura. "Nilikuwa fundi mdogo, nina miaka ishirini na sita. Nilikuambia, Mzee, kuna majibu ya pili elfu tatu na kitu, tuyaweke au tuyatoe?"

"Nakumbuka. Viatu vyako vilikuwa vichafu."

"Vilikuwa na udongo wa stendi, Mzee. Nilikuwa nimetembea."

"Na nilikujibu nini?"

"Ulinijibu kwamba anayejibu mara mbili hajui. Na kwamba hutaki watu maelfu wauone mwenendo wako wa kusitasita."

Nilikuwa nimelisahau hilo la pili. La kwanza sikuwa nimelisahau, kwa kuwa silo langu. Ni la bwana wa bweni katika shule ya misheni nilikosomea, huko nyanda za juu, mahali ambapo maji ya kuoga yaliganda masika yakiisha. Siku ya ukaguzi alisimama mlangoni, na kiranja akapita katikati ya safu mbili za vitanda bila kusimama. Bwana alipouliza, "Nini kile chini ya shuka la nne?" kiranja alijibu kabla mguu wake haujagusa sakafu. Sahani. Kitabu cha mwenzake. Muwa. Mvulana aliyesema, "Sahani, hapana, kitabu," alirudishwa katika safu, na hakuwa kiranja tena. Kwa miaka minne sikujibu mara mbili. Shule ile ilinipa lugha, nidhamu na uti wa mgongo, na hata sasa sioni aibu kuyataja hayo mbele ya mtu yeyote. Lakini haikuwahi kunijia kwamba nilikuwa nimeipeleka sheria ya bweni lile ndani ya vichwa vya watu ambao hawakuomba kuwa viranja.

"Majibu hayo yanaweza kurudishwa?"

"Yalifutwa. Ulitaka yafutwe, si yafichwe. Itabidi kuchora ramani nyingine. Miaka miwili, kama mitambo haitatusumbua." Akairudisha karatasi jaladani. "Nakala ni hii moja. Sikuja kukuomba useme uongo. Nimekuja kukuambia kwamba sheria haimlazimishi mtu kuutolea ushahidi ubongo wake. Ukibaki nyumbani, Yoramu atahukumiwa kama mtu aliyeliona zeze akapiga. Ukikaa kwenye kiti, na jibu likatoka gobole, jaji hatakuwa na njia isipokuwa kuvizima vitambuzi vyote."

"Wewe unataka nini, Zuhura?"

Alilifikiria swali hilo kwa muda mrefu, na niliona ugumu wa kulisubiri jibu.

"Nataka uamue wewe, maana wewe ndiye uliyeulizwa," alisema.

Aliondoka. Jalada alikuwa ameliacha mezani, na sidhani kwamba alilisahau.

3

Alhamisi nilikwenda mahabusu kumwona Yoramu Chibago. Nilitarajia mtu mkali. Nikamkuta mtu mfupi mwenye mvi za mapema, amekaa kwenye benchi huku akikuna kisogo mahali bamba lilipo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mimi ndiye Desderi Mhavile."

Alinitazama kwa udadisi, kama mtu anayeonyeshwa nyumba aliyoishi bila kumjua mwenyewe. "Nilidhani u mrefu," alisema. "Vitu vyote naviona kama vinatazamwa kutoka juu kidogo."

"Nilikuwa nakaa kwenye kiti kirefu."

"Aa." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Mzee, niliona gobole. Sisemi nilidhani, nililiona. Mtutu umelala begani, kitako kimevimba ndani ya kaniki. Nilimwambia simama, akanyanyua mkono. Sasa najua alikuwa ananisalimu."

"Mlikuwa na ugomvi wa shamba?"

"Mpaka wa shamba, miaka sita iliyopita, baba zetu. Sisi tulikuwa tunasalimiana." Alikunja vidole vyake, akavikunjua. "Wakili wa serikali ananiuliza, wewe ni Mgogo, utalikosaje zeze? Sina jibu. Mimi nimechonga mazeze, mzee. Kabla ya homa nilichonga hamsini, sitini. Lile la Ndahani kibuyu chake nilikikausha mimi mwenyewe juu ya dari la mama yangu. Ningeligusa ningelijua. Angelikwaruza hata mara moja, ningelijua nikiwa nimelala. Lakini kwa macho, hapana. Kwa macho nilikuwa sina habari nalo kabisa."

Nilijaribu kukumbuka mazeze mangapi nilionyeshwa katika vitu elfu arobaini. Nadhani mawili, yote yakiwa wazi mezani. Magobole nilionyeshwa mengi, maana wakati ule polisi walikuwa wakiyakamata kwa majangili na waliyaleta Taasisi kwa lori. Nilipokuwa mtoto, magobole niliyajua. Mazeze yalikuwa mambo ya watu wa tambarare. Mtu aliyechonga mazeze sitini alikuwa ameazimwa macho ya mtu aliyeyaona mawili.

"Mzee," aliuliza, "wewe ungelionaje?"

"Sijui."

"Hujui, au hutaki kusema?"

"Sijui. Ni mara ya kwanza nasema hivyo kuhusu kitu cha kutazamwa."

"Basi tumekutana," alisema Yoramu, akarudi kukuna kisogo chake.

4

Leokadia alikuwa ameisoma ile karatasi niliporudi. Aliiweka mbele yangu pamoja na chakula, kama mboga nyingine.

"Kwa hiyo utakwenda," alisema.

"Sijaamua."

"Umeshaamua. Ukiamua jambo huwa unanawa mikono mara mbili." Akakaa. Ana miaka hamsini na minane, na mikono yake bado ni mizuri. "Kaka, nikuulize. Wewe umewahi kukiogopa kikombe?"

"Leokadia."

"Mimi nimewahi. Kitu cheupe, kina shimo, kina sikio upande mmoja. Kilikuwa mezani na mimi nilikuwa mezani. Sikujua kama kinaliwa au kinauma. Nilikaa nacho asubuhi nzima, mpaka uliporudi kutoka shuleni ukaniambia, kikombe hicho. Halafu ukageuka kwenda kuvua koti, nikawa nimekisahau tena. Miaka mitatu. Mume wangu alivumilia mmoja, na simlaumu. Nilikuwa namtazama usoni na kumwuliza yeye nani."

"Mtu anakwenda kunyongwa kwa jicho langu."

"Na wengine elfu kumi na moja wanakwenda kuketi na vikombe. Wengine wana watoto wachanga. Umeshawahesabu hao, au unahesabu heshima yako?"

Hilo liliniuma, kwa sababu nilikuwa nimejiuliza vivyo hivyo njia nzima. Mtu aliyelelewa kama nilivyolelewa huwa anapata raha fulani katika kukiri kosa hadharani. Hujiona amesimama wima tena. Nilijichunguza kama raha hiyo ndiyo iliyokuwa ikinivuta, na siwezi kuapa kwamba haikuwamo.

"Lile gobole," nilimwambia, "lipo katika kichwa chako pia. Lipo katika kila kichwa. Kesho ni mlinzi mwingine, au mama anayemwona nyoka mahali penye mshipi wa mtoto. Majibu ya pili yalikuwa elfu tatu, Leokadia. Mara elfu tatu nilikosea kwanza, na makosa yote nimewapa ninyi."

Alitazama sahani, glasi, chupa ya maji, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeaga.

"Ukienda," alisema, "sitakusamehe mwaka huu. Labda mwaka ujao. Kula, kinapoa."

5

Walinivisha kofia ya nyaya mahakamani, mbele ya watu wote, na fundi akanipaka kisogoni mafuta baridi. Mbele yangu palikuwa na kioo cha kuonyeshea picha. Upande wa Jaji Tabitha Mwasongwe palikuwa na kioo kingine kitakachoonyesha majibu ya ubongo wangu yakiwa na saa zake, kwa sehemu za elfu za sekunde. Wakili wa serikali alieleza kwamba picha zitakuwa mia tatu, kila moja kwa muda mfupi, na kwamba shahidi hatatakiwa kusema neno lolote. Nilishukuru kwa hilo.

Zilipita. Ndoo, mbuzi, redio, mwiko, pampu ya baiskeli. Mikono yangu ilikuwa magotini, na nilijisikia kama mzee anayekaguliwa mfukoni na watu ambao hawezi kuwaambia wamkome. Walilipitisha zeze la Ndahani ndani ya kaniki mara tisa, likiwa begani mwa mtu, kutoka pande mbalimbali. Kila mara nililiona zeze. Nilikuwa tayari kuapa kwamba sikuona kingine.

Kioo cha jaji kilisema vinginevyo. Baada ya sehemu mia na sabini za elfu za sekunde: gobole. Baada ya mia tatu na tisini: zeze. Mara tisa, kwa mpangilio uleule, bila kukosa hata moja.

Feni ilisikika ikizunguka.

"Mzee Mhavile," alisema Jaji, akivua miwani, "kama ungekuwa wewe mahali pa mshtakiwa, ungepiga risasi?"

"Hapana, Mheshimiwa Jaji. Kabla kidole hakijakaza ningekuwa nimelijua zeze."

"Mshtakiwa ana ramani yako. Kwa nini yeye hakulijua?"

Zuhura alikuwa safu ya tatu, ameinamisha kichwa. Nikaitoa karatasi katika mfuko wa koti. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa mbili, yenye utangulizi, na yote nikayaona ni marefu mno.

"Kwa sababu aligawiwa nusu ya kwanza tu ya kuona kwangu. Nusu ya pili iliondolewa kwa amri yangu. Fundi aliniuliza vizuri, nami nikamjibu vibaya, kwa kiburi. Sahihi ni yangu."

Wakili wa Yoramu alitaka kusema jambo; Jaji akamnyamazisha kwa kalamu. Aliisoma karatasi mara mbili, nami nikamwona akiirudia mara ya tatu. Alasiri hiyo alimwondolea Yoramu shtaka la mauaji. Kisha, kwa sauti ya mtu anayebeba kitu kizito asichopenda kukibeba, akaamuru vitambuzi vyote vizimwe baada ya siku tisa, ili watu wapate nafasi ya kujiandaa, na katika siku hizo mwenye kitambuzi asishike silaha wala usukani.

Nje ya ukumbi mwanamke aliyevaa nguo nyeusi alinizuia. Alikuwa mjane wa Ndahani Chilewa. Hakunisalimu.

"Nimekaa humo siku tano," alisema. "Kwanza walisema ni Yoramu. Leo wanasema si Yoramu. Sasa nielekeze hasira yangu kwa nani, mzee?"

"Bunduki aliishika yeye. Jicho lilikuwa langu."

Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu vyangu vilivyong'arishwa.

"Na mimi nilikuwa nimempigia pasi ile kaniki," alisema, akaenda zake.

6

Siku tisa zilitumika kama siku za kabla ya safari. Leokadia alifunga nyuzi za rangi kwa mafundo: fundo moja nyeupe, mawili samawati, matatu kijani. Aliviweka vifungo katika makopo yasiyolingana urefu. Hakutaka nimsaidie, na hakuninunia pia. Aliniuliza kama nataka ugali au ndizi, kama kawaida, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko ugomvi. Jirani yetu mwenye kitambuzi, baba wa watoto wanne, alipita uani kwetu siku ya saba bila kubisha hodi, akanitazama, akatema mate chini, akaondoka. Ana haki ya mate yake.

Vitambuzi vilizimwa Jumanne saa nne asubuhi kwa mawimbi kutoka Ihumbo. Leokadia alikuwa kwenye cherehani, nami nimekaa mbele yake. Hakukuwa na sauti yoyote. Mguu wake uliacha kanyagio.

"Imekwisha," alisema.

Alitazama meza. Nilimwona akitazama kama mtu anayetazama mawingu, bila macho yake kushika popote. Kulikuwa na mkasi, kipande cha khaki, futi ya kupimia, kopo la vifungo. Nikaanza, "Huo ni—"

Akainua kiganja. "Usinitajie."

"Nilitaka tu—"

"Najua ulichotaka. Umenitajia miaka kumi na saba. Pumzika."

Baadaye aliuliza, bila kugeuka, "Wamempata mwingine wa kumchora?"

"Zuhura alipita jana. Niliomba nirudi kwenye kiti, nikamwambia niko tayari hata kesho. Amenikatalia kwa adabu."

"Vizuri. Nani basi?"

"Mama mmoja wa soko la Ihumbo, anauza vyombo vikuukuu. Walimpima wiki iliyopita. Zuhura anasema ukimwonyesha kitu anakigeuza kwanza, anakigonga, anakuuliza umekitoa wapi. Akishakutajia jina anakwambia, lakini sina hakika mwanangu, kilete karibu."

"Anachukua muda gani?"

"Wakati mwingine sekunde nzima. Na watamwonyesha vitu pamoja na watu wanaovitumia. Yoramu ameitwa kwa ajili ya mazeze."

"Anakubali, Yoramu?"

"Amekubali. Ila kasema hatakaa chumba kimoja na mimi."

Leokadia alitingisha kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea salamu kutoka mbali. "Mwanamke mwenye mashaka," alisema. "Afadhali. Miaka miwili si mingi."

Ilikuwa mingi, na sote tulijua. Alinyoosha mkono kutafuta kitu mezani, vidole vikitambaa juu ya khaki. Mimi nilikuwa nakiona alichokitaka; kilikuwa kulia kwake, umbali wa shubiri moja, na jina lake lilikuwa limeshafika ulimini mwangu. Nikafunga mdomo na kulishikilia humo, nikasikia jinsi lilivyokuwa zito. Mkono wake uliupita mkasi, ukasimama, ukarudi.